Nimepata nafasi mbili za kusomea ufinyanzi, na zote zinanitia shaka

Salamu Mwalimu,

Nina umri wa miaka 28 na ninaishi Umoja. Nilisomea sanaa hapa hapa Nairobi, na tangu nimalize chuo kazi yangu imekuwa kufinyanga vyombo vya kulia na kunywea: vikombe, sahani, mabirika, mabakuli ya uji na ya githeri. Nina gurudumu la umeme nililouziwa na mama mmoja aliyekuwa akihama, na tanuri dogo la umeme tunalochangia watu watatu kwenye karakana tuliyokodi Industrial Area. Mikahawa miwili, mmoja Kilimani na mwingine Westlands, hununua kwangu, na Desemba mauzo huwa mazuri. Si utajiri, ila kodi ya nyumba hainishindi.

Shida ni kwamba nimekwama. Gleizi, ule mpako unaogeuka kioo juu ya chombo tanurini, nainunua ikiwa imeshachanganywa kwa sababu sijui kuitengeneza. Tanuri la gesi nimeliona tu, la kuni sijawahi hata kulikaribia. Mikono ya mabirika yangu hupasuka pale inapoungana na mwili, na kila ninayemuuliza ananipa sababu yake. Nataka kusoma shahada ya uzamili niijue kazi hii hadi undani wake, kisha nirudi. Sitaki kuwa mtu wa sanamu. Nataka kutengeneza vyombo vya kupakulia chakula.

Niliomba nafasi vyuo kadhaa na viwili vimenikubali. Cha kwanza kiko London, jina lake linajulikana kila mahali, masomo ni ya mwaka mmoja. Karo ni zaidi ya pauni 30,000 na hawajanipa ufadhili wowote. Cha pili ni chuo kikuu cha serikali huko Marekani, katika mji mdogo ambao sikuwahi kuusikia. Ni MFA, shahada ya uzamili ya sanaa, ya miaka mitatu. Karo wamenisamehe, na watanipa posho ya kila mwezi nikisaidia kufundisha wanaoanza. Wanataka jibu kabla ya tarehe 15 Aprili.

Ningekuwa nimeshajibu, lakini mahojiano yamenivuruga. Yule wa London alitazama picha zangu akasema, "Vikombe vyako vimefinyangwa vizuri sana, lakini wazo liko wapi?" Kisha akanitajia mfinyanzi Magdalene Odundo, kwamba Mkenya mwenzangu alifika mbali kwa kuachana na vyombo vya matumizi. Wale wa Marekani walikuwa wapole, hawakusema lolote baya. Lakini nimetazama picha za maonyesho ya wanafunzi wao waliomaliza, na karibu zote ni sanamu kubwa, udongo mbichi uliomwagwa sakafuni, video ukutani. Kati ya walimu wao watatu, mmoja tu ndiye anayetengeneza mabirika.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama anasema London, na yuko tayari kukopa kwenye Sacco kwa dhamana ya hati ya shamba letu Siaya. Kaka yangu anasema nisiende popote, nitoe laki nne nilizoweka kwenye chama ninunue tanuri la gesi. Nyanya yangu, ambaye alifinyanga mitungi ya maji maisha yake yote, alicheka tu akauliza chungu kinasomewaje miaka mitatu.

Nifanyeje, Mwalimu? Na je, kuna chuo kinachomheshimu mtu wa vikombe?

Mfinyanzi, Umoja

*

Binti yangu,

Usiende London mwaka huu, na usimruhusu mama yako aitoe hati ya shamba kwa ajili ya shahada ya ufinyanzi. Nalisema hili kwanza ili usome mengine ukiwa umetulia. Pauni 30,000 ni zaidi ya shilingi milioni tano, na hapo hujalala wala hujala. Kikombe chako ukikiuza shilingi 1,200, utahitaji kuuza zaidi ya vikombe elfu nne kurudisha karo peke yake, bila kuhesabu udongo, umeme, vilivyopasuka na riba ya Sacco. Msanii anayeuza kazi moja kwa bei ya gari anaweza kubeba deni la namna hiyo. Anayeuza kikombe kimoja kimoja hawezi. Atarudi nyumbani akafinyange kile kinachouzika haraka, na ile kazi aliyokwenda kuisomea hataifanya.

Hata pesa zingekuwepo, mwaka mmoja ni mfupi kwa ulichokiandika. Msanii wa dhana, ambaye kwake wazo ni kubwa kuliko chombo, anaweza kutoka na jambo kubwa katika mwaka mmoja. Wewe unahitaji kuchoma tanuri, uone kosa, ubadilishe mchanganyiko, uchome tena, uvitumie vyombo mezani, ugundue kwamba mdomo wa birika unadondosha chai, urudi kwenye gurudumu. Mizunguko hiyo haiharakishwi. Ukiipenda London kwa dhati, iombee kwa ufadhili wa Chevening, ambao hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, hutaka angalau saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na hudai urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili baada ya kumaliza. Kurudi umesema ndiyo nia yako. Chuo hakitahama.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo ndilo kubwa. Vipo vyuo vinavyomheshimu mtu wa vikombe. Ila heshima hiyo huishi ndani ya mwalimu, na mwalimu akistaafu huondoka nayo, huku sifa ya chuo ikibaki vinywani mwa watu miaka mingi baadaye. Chukua mfano wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Warren MacKenzie alifundisha pale kuanzia 1953 hadi 1990. Kabla ya hapo alikuwa mwanagenzi kwa mfinyanzi Bernard Leach huko St Ives, Uingereza, na aliamini kwamba bakuli la kila siku linalouzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu ni kazi inayostahili maisha yote ya mtu. Wanafunzi wake wakatapakaa. Lakini anayeomba leo kwa sababu ya MacKenzie anaomba kwa marehemu, alifariki 2018. Utah State iliko Logan ilijulikana kwa kuchoma kwa kuni kwa sababu ya John Neely, ambaye alibuni aina ya tanuri la kuni inayojengwa sasa nchi nyingi. Nebraska, mjini Lincoln, ilimleta mtu wa vyombo kwa sababu ya Pete Pinnell, bingwa wa gleizi na wa kuzungumzia kikombe. Alfred, katika jimbo la New York, chuo chao cha kauri kimekuwepo tangu 1900, na Val Cushing alifundisha vyombo pale miongo mingi. Nimekutajia hayo ili ujue ukoo wa kazi unayoipenda. Ukifikiria chuo chochote kati ya hivyo, swali la kuuliza ni nani anasimama kwenye gurudumu leo.

Kwa hiyo yule mmoja kati ya watatu anayetengeneza mabirika ndiye anayeamua jambo hili. Picha za maonyesho zimekutia wasiwasi, na ulifanya vyema kuzitazama. Watu wengi husoma maneno ya chuo na kuacha picha. Ila picha hazisemi kama wale wanafunzi walikuja wakifanya sanamu tangu mwanzo, au walikuja na vikombe wakasukumwa polepole hadi wakaviacha. Tofauti ya hao wawili ndiyo unayoitafuta, na atakayekwambia ukweli ni mwanafunzi aliyeko pale sasa. Omba anwani za barua pepe za wawili au watatu. Chuo kizuri hukupa bila kusita. Waulize siku ya kukosoa kazi huwa inakwendaje kikombe kikiletwa: kinashikwa? Kinanywewa kitu? Au kinatazamwa kwa mbali juu ya kisanduku cheupe na watu wanazungumza juu ya umbo tu? Mahali ambapo walimu hawagusi kikombe kabla ya kukihukumu, utachoka mapema.

Kisha mwandikie mwalimu wa mabirika mwenyewe, moja kwa moja, kwa adabu lakini bila kuzunguka. Muulize kama atakuwepo miaka yote mitatu, maana walimu wa vyuo vikuu huenda likizo ya utafiti ya mwaka mzima, na wengine wako karibu kustaafu. Muulize ni lini mara ya mwisho mwanafunzi alimaliza kwa maonyesho ya vyombo vya matumizi, na yuko wapi sasa. Muulize kama wanafunzi wa uzamili hujichomea matanuri wenyewe au kuna fundi anayewachomea, kwa sababu anayechomewa hajui moto. Muulize kuhusu chumba cha gleizi, kama malighafi iko pale ya kupima mwenyewe au kuna ndoo za pamoja zilizokorogwa tayari. Muulize udongo unalipiwa na nani. Muulize kama kuna somo la kujenga tanuri kwa matofali. Hili la mwisho ni la lazima kwako. Wenzako watakaobaki Marekani watakuta matanuri kila mahali. Wewe ukirudi Nairobi utalijenga la kwako.

Na hapa niseme jambo ambalo ningependa ulibebe hadi huko. Tuna Magadi, safari ya saa mbili au tatu kutoka hapo karakana yako, ambako magadi yamechimbwa kwa zaidi ya karne moja na kugeuzwa kuwa soda ya viwandani. Kuna namna ya kuchoma vyombo ambapo soda hiyo hiyo hutiwa ndani ya tanuri moto ukiwa umepita nyuzi 1,200 za Selsiasi. Hugeuka mvuke, mvuke unafuata njia ya ndimi za moto, unakutana na mchanga ulio ndani ya udongo na kuwa kioo juu ya ngozi ya chombo. Upande ulioelekea moto hung'aa kama umelowa, upande wa nyuma hubaki mkavu wenye rangi ya chungwa au ya kahawia. Hakuna vikombe viwili vinavyotoka sawa. Wafinyanzi wa vyombo Marekani wanaipenda sana namna hii na vyuo vingi vina tanuri lake. Soda hula matofali ya tanuri, kwa hiyo kuna elimu yake ya kuyalinda, na elimu hiyo haipatikani kwa kusoma peke yake, inataka kusimama pale. Ukiniambia kwamba chuo hicho kina tanuri la soda na wanakuruhusu kulitawala, nusu ya wasiwasi wangu imeisha. Miaka mitatu ya kusoma mvuke wa soda, kisha urudi penye soda ya Magadi na udongo wa kwetu: hiyo ni kazi ambayo hakuna mtu anayeweza kukufanyia.

Nimefika kwenye lile swali la wazo, na najua lilikuuma. Huyo mwalimu wa London aliuliza swali la halali kwa namna isiyofaa, na mfano alioutoa haukukaa sawa. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi 1950 na kwenda Uingereza 1971. Mwaka 1974 alikwenda Nigeria kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao sasa unaitwa Suleja, kituo alichokianzisha mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew, na huko akajifunza kujenga chungu kwa mkono kutoka kwa wanawake kama Ladi Kwali, yule ambaye picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Mitungi ya Ladi Kwali ilitokana na mitungi ya maji ya kijijini kwake. Odundo alisoma chuo cha sanaa cha Farnham, Uingereza, akamaliza Royal College of Art ya London 1982, na kweli kazi zake hazitiwi maji. Lakini zimetokana na mikono ya wanawake waliofinyanga ili watu wanywe. Kumtaja yeye kama ushahidi kwamba matumizi ni hatua ya chini ni kumsoma vibaya.

Tena sisi tuna ushahidi wetu. Nenda Mambrui au popote penye makaburi ya nguzo huko pwani, utaona mahali ambapo mabakuli ya Kichina yalipachikwa kwenye nguzo ya kaburi. Ni mabakuli ya kulia chakula. Yalivuka bahari, yakapakuliwa wali, mengine yakapangwa kwenye vidaka vya nyumba za Lamu, mengine yakamsindikiza tajiri kaburini. Bakuli lilibeba cheo, safari, imani na mlo kwa pamoja, na hakuna aliyeuliza wazo liko wapi.

Hata hivyo lazima uwe na jibu lako, kwa sababu utaulizwa tena hata kwenye chuo kizuri. Usilitafute kwenye falsafa. Litafute kwenye ulichoandika mwenyewe: bakuli la uji, bakuli la githeri. Kwa nini hayafanani? Uji hunywewa bakuli likiwa limeinuliwa kwa mikono miwili, kwa hiyo unataka ukingo mwembamba na mwili usiounguza. Githeri hukaa mezani na kijiko hugonga ukuta wake, kwa hiyo bakuli linataka ukuta mnene na tumbo la kukizuia kijiko kisipande juu. Kikombe cha mkahawa wa Kilimani huoshwa mara nyingi kwa siku na mtu mwenye haraka na kupangwa kimoja juu ya kingine, kwa hiyo kitako chake lazima kikae ndani ya mdomo wa mwenzake bila kukwama. Chai yetu ya maziwa huchemka ndani ya sufuria na kumiminwa ikiwa moto kabisa, tofauti na chai ya kulowekwa. Mkono wa kikombe ulio karibu sana na mwili utamuunguza mtu vidole. Haya yote ni mawazo, na ni mazito. Peleka mbele ya walimu vyombo kumi vya mlo mmoja wa familia moja ya Nairobi, badala ya vikombe ishirini vizuri visivyojuana, na swali la wazo litajibiwa mezani.

Kuhusu mikono ya mabirika, hiyo usingoje Marekani. Mkono ni mwembamba kuliko mwili, hukauka kwanza na kusinyaa kwanza, na hujivuta kwenye kiungo hadi ukapasua. Unga vyote viwili vikiwa na unyevu sawa, chanja pande zote mbili na utie udongo mzito wa maji, kisha funika birika zima kwa karatasi ya nailoni siku moja au mbili ili unyevu ujisawazishe. Baada ya hapo ufunue mwili peke yake; mkono na kiungo uviache vimefungwa nailoni hadi mwili uvifikie. Hali ya hewa ya Nairobi mwezi wa Januari na Februari hukausha haraka mno; ndiyo maana pengine kosa hili linakujia kwa misimu na unapewa sababu tofauti.

Na gleizi unayoinunua, ya vyombo vya chakula, ijaribu leo. Weka kipande cha limau juu yake usiku kucha. Asubuhi ukikuta rangi imepauka au mng'ao umekufa pale limau lilipolala, gleizi hiyo inaachia vitu vyake kwenye chakula, na hupaswi kuiuza mkahawani hata kama hakuna onyo lililoandikwa kwenye ndoo. Wateja wako hawawezi kulijua hilo, wewe unaweza.

Nyanya yako sikumwelewa kama anakudharau. Nenda Siaya kabla ya kusafiri ukakae naye, na umwombe akufundishe. Muulize anatoa wapi udongo, anachanganya nini, mchanga au magae yaliyosagwa, na anajuaje kwamba moto umetosha. Kuna jambo ambalo yeye analifanya na tanuri lako haliwezi: chungu chake kinakaa juu ya mafiga, moto ukiwaka chini yake, na hakipasuki. Bakuli lako lililochomwa kwa nyuzi 1,200 na zaidi ukiliweka juu ya moto litapasuka. La kwako limebanana kuwa kama jiwe, moto ukilishika upande mmoja halina pa kunyooshea. Chungu cha nyanya kimechomwa kwa moto mdogo, kina vitundu na chembechembe ndani yake, na vitundu hivyo ndivyo vinavyozuia ufa usikimbie. Nenda na maarifa hayo Marekani ukiwa umeyashika mikononi. Hakuna mwalimu wa kule atakayekuwa nayo kwa namna ya kwenu.

Kaka yako ana hoja nzuri kuliko anavyojua, ila amewahi. Tanuri la gesi ukilinunua leo utakuwa na moto usioujua na gleizi usiyoijua. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na kichomeo kilichopimwa nchi za chini hakitakupa moto ule ule hapa bila kurekebishwa. Fundi wa kukirekebisha utakuwa wewe. Baada ya masomo, hoja ya kaka itakuwa sahihi kabisa.

Mambo mawili ya sheria, kwa haraka. Viza ya mwanafunzi ya Marekani, F-1, hukuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi ya kusaidia kufundisha huhesabiwa humo. Kuuza vyombo vyako kama biashara ni jambo jingine na linaweza kukuharibia viza. Idara nyingi za ufinyanzi kule huwa na chama cha wanafunzi kinachofanya mauzo ya vikombe. Kabla hujaweka hata kimoja mezani, ulizia ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na majibu yao uyapate kwa maandishi. Uingereza nako viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri. La pili: Marekani huichukulia MFA kuwa shahada ya mwisho kwa wasanii. Hapa kwetu itahesabiwa kuwa ya uzamili, na anayetaka uhadhiri wa chuo kikuu hutakiwa PhD. Umesema unataka kutengeneza vyombo, kwa hiyo halitakusumbua, lakini mama yako pengine anategemea urudi uwe mhadhiri. Mweleze mapema.

Mwalimu wa mabirika akikujibu kwamba anaondoka, au wanafunzi wakikwambia vikombe huvumiliwa tu, kataa nafasi hiyo hata kama ni ya bure. Miaka mitatu ya kujitetea kila wiki humaliza mtu. Njia nyingine zipo. Makerere wana shule ya sanaa yenye mizizi tangu 1937 na ni safari ya basi. Jingdezhen huko China wamefanya kauri zaidi ya miaka 1,000 na wana chuo kikuu cha kauri kinachopokea wageni. Archie Bray, taasisi ya ufinyanzi huko Montana, Marekani, iliyoanzishwa 1951, hupokea wafinyanzi kuishi na kufanya kazi pale, na haitoi shahada. Mwaka mmoja wa kujaribu tena si hasara kwa mtu mwenye mikahawa miwili inayomngoja.

Lakini hatujafika huko. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kutomlazimisha mwanafunzi aliyepewa ufadhili kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili, kwa hiyo muda uliopewa ni wako, utumie wote. Barua kwa mwalimu iandike leo, za wanafunzi zitume kesho. Wakikuomba mkutane kwa video, mwombe yule mwalimu aizungushe kamera ndani ya chumba cha matanuri, uone kama kuna vyombo rafuni vinavyongoja kuchomwa au kuna vumbi. Ukipata majibu niandikie ulichoambiwa, hasa kuhusu tanuri la soda, na unitumie picha ya lile limau.